Ziwa Chala: soma hapa kabla hujafungasha mataulo

Naanza na hukumu kabisa, maana najua wengine mtasoma mistari miwili tu mkimbilie kuuliza bei. Ziwa Chala, huku kwetu Kilimanjaro mpakani na Kenya, ni pazuri, aisee, pazuri kweli, ila si pa kila mtu wala si pa kila aina ya matembezi. Kama mnachotaka ni kuoga mpaka vidole vikunjamane, watoto wabembee kwa kamba wajitose majini na chipsi ziletwe mlipokaa, nendeni chemchemi ya Chemka, kule ndani ya Boma Ng'ombe. Nimeshacheka sana Chemka, sina ugomvi nako. Chala ukishashuka hakuna duka, hakuna kamba, hakuna kiti, hakuna wa kukuuzia hata maji ya kunywa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Mwenyekiti wetu anaiona kasoro, na nitayasema ya kwake pia asije akadai nimemchoma.

Tulikwenda kikoba chetu cha akina mama wa Pasua, hapa Moshi, au niseme wale waliobaki baada ya wengine kusikia kuna kupanda. Kila tukivunja kikoba na kugawana hisa, tunaacha kidogo cha kutembea. Mimi ndiye mweka hazina. Nilipotaja Chala, Mama Glory aliniuliza mbele ya kikao kizima, "Hilo ziwa lina nini?" Nikamjibu lina maji. Wakacheka, likapita.

Njia haina shida mpaka lami inapoisha. Kutoka Moshi mjini unakwenda Himo, pale njia panda unaiacha ya Dar es Salaam na ile ya kupanda Marangu, unashika ya Holili inayokwenda mpakani mwa Kenya. Kabla ya mpaka kuna njia ya vumbi inaingia kushoto, hiyo ndiyo ya ziwani. Asiye na gari apande Hiace ya Himo pale stendi kuu, zinajaa haraka, Himo abadilishe kwa Holili, halafu amalizie na bodaboda. Hapo kwenye bodaboda muwe makini: patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na uchukue namba yake. Ukitoka ziwani jioni hutakuta pikipiki imepaki chini ya mti inakusubiri wewe.

Sisi tulikodi Noah. Dereva alikuwa muungwana, anatuwekea nyimbo za kwaya tunazozitaka, mpaka magurudumu yalipogusa vumbi. Hapo akaanza. "Mama, hamkuniambia ni huku." Nikamkumbusha tulimtajia Chala kwa jina, tena mara mbili, na akasema anapajua. Akasema alijua Chala kijijini, si Chala ziwani. Kila jiwe lililogonga chini ya gari alilihesabu kwa sauti, na tuliporudi alidai nyongeza. Kwa hiyo mkikodi, mpelekeni dereva mpaka mwisho wa safari kwa maneno: lami inaishia wapi, vumbi linaanza wapi, gari linalala chini kiasi gani. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mimi nisingeipeleka Noah kabisa.

Bebeni vitambulisho. Ile ni barabara ya mpakani na kusimamishwa ni jambo la kawaida. Na mkikaribia ziwa zimeni data za simu, au mchague mtandao wenu kwa mkono. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita majini, katikati ya ziwa, na simu haijui adabu za mipaka. Yangu ilinikaribisha Kenya wakati nimesimama Kilimanjaro nikifungua karanga.

Sasa ziwa lenyewe. Jambo la kwanza kulijua ni kwamba hulioni. Unatembea kwenye vichaka vya kawaida, migunga na majani makavu, nchi imelala tu, na Mama Happy ameshaanza kuuliza kama tumepotea. Halafu ardhi inaisha. Unajikuta kwenye ukingo, chini yako kuta zimesimama kama za sufuria, mita 100 hivi, na huko chini kabisa kuna maji ya rangi ambayo hatuna kitenge chake dukani. Asubuhi tuliyafika yakiwa ya buluu nzito. Saa sita jua lilipokuwa utosini yakawa na ukijani, na pale karibu na mawe yakawa kama yamemulikwa kutoka chini. Ziwa si kubwa, ni kilomita za mraba 4 na kidogo, unaliona lote kwa kugeuza shingo. Ila kina chake kinapita mita 90. Ni tundu la volkano, jirani mdogo wa mlima wetu.

Mlima nao uko hapo, mkiwahi. Sisi wa Moshi tumezoea Kibo mbele na Mawenzi pembeni kulia, anachungulia tu. Ukiwa Chala mambo yanageuka: Mawenzi ndiye aliye karibu, amesimama na yale mapengo yake yote aliyoyapata, kwa mujibu wa bibi zetu, kwa kwenda kuomba moto kwa kaka yake kila siku hadi akapigwa mchi. Kibo yuko nyuma kushoto. Tuliwaona wote wawili mpaka saa tatu na nusu hivi, mawingu yakafunga. Waliochelewa kufika hawakuona chochote, wakawa wanatuuliza mlima uko upande gani.

Kushuka ndiko kunakotenganisha watu. Hakuna ngazi. Kuna njia ya miguu inayokata kona kwenye ukuta, mahali pengine mawe yamekaa imara, mahali pengine ni changarawe juu ya udongo mkavu, ukikanyaga unakwenda nayo. Juu kuna kambi ya wageni, tulilipa ada pale na kupewa kijana wa kutuongoza, na nawashauri msimkatae kijana hata kama mnajiona wazoefu. Wetu alimfaa kila mtu. Alikuwa anatangulia hatua tatu, anasimama kwa ubavu, anaweka mguu wake chini ya jiwe linalocheza ili mama wa watu akanyage bila jiwe kuondoka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama Happy alikuja na kandambili za ngozi, zile za harusini, na kona ya pili akazivua, akazitia kwenye mkoba, akashuka peku huku akimsifu Mungu kila hatua. Raba, ndugu zangu. Raba zenye meno. Na nguo isiyokamata magoti, kanga ya kujifunga ibebeni begani.

Mwenyekiti hakushuka. Ana goti linalomsumbua, na alipochungulia mara moja alisema yeye atalinda hotpoti. Naomba lieleweke kwamba kubaki juu si kushindwa. Kule ukingoni kuna upepo, kuna kivuli ukikitafuta, na mandhari ya juu ni nusu ya thamani ya safari. Kama mna mzee au mtoto mdogo, mpangieni abaki na mtu wa kuongea naye. Nyani wapo, kwa hiyo hotpoti kweli inahitaji mlinzi, na pale mwenyekiti alifanya kazi yake: tuliporudi pilau lilikuwa kamili, isipokuwa paja moja la kuku ambalo maelezo yake hayajaniridhisha.

Chini ni kwingine kabisa. Juu ni ukame, chini kuna ukanda mwembamba wa miti mikubwa yenye majani mabichi inayozunguka maji, na joto linabadilika ghafla. Nilikaa kwenye jiwe lililoingia ziwani. Maji ni maangavu kiasi kwamba nilihesabu mawe madogo chini, moja lina mstari mweupe, lingine limeota utelezi wa kijani, na samaki wadogo wa urefu wa kucha wakapita juu yake wakageuka wote kwa pamoja kivuli changu kilipowafikia. Ukiangalia mbele kidogo, mawe yanakoma. Si kwamba yanafifia polepole, yanakoma, na kinachofuata ni giza la buluu. Ule ukuta tulioushuka unaendelea kushuka ndani ya maji.

Hapo ndipo nizungumzie kuogelea, kwa sababu najua kuna atakayeandika kwamba yeye aliogelea na yuko hai. Hongera. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba. Habari hiyo ilikwenda dunia nzima, na wenyeji hawajaisahau. Wengine watakwambia mamba wameisha. Ziwa lina kina cha mita zaidi ya 90 na nani amelikagua? Hata ukiwatoa mamba, hakuna mwokoaji, hakuna boya, na hakuna pa kusimama hatua chache kutoka ukingoni. Sisi tulinawa uso na kulowesha vitambaa vya kichwa, basi. Mataulo yaliyobebwa yalirudi makavu, isipokuwa la Mama Glory, alilifanya mto wa kulalia.

Tulimkuta mvuvi mmoja, kijana, ana mshipi tu na ndoo. Akatuamkia, "Shikamooni mama zangu." Tukamwitikia, nikamuuliza kama wanakula. "Wanakula asubuhi, mama. Saa hizi wameshiba." Ndoo ilikuwa na perege wawili wa kiganja. Mdogo wangu anafundisha Rombo, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ziwa hili lina perege wake wa asili, wanasayansi wanamwita Oreochromis hunteri, ambaye haishi penginepo popote duniani. Tatizo ni kwamba watu walikuja kumwaga perege wa aina nyingine humo ndani, na wageni wameshaongezeka kuliko mwenye nyumba. Wale wawili wa ndooni sijui walikuwa wa ukoo gani, nami sikumuuliza kijana wa watu akiwa kazini.

Huyo huyo mdogo wangu ndiye aliyenipa habari iliyonifanya niandike haya yote. Ziwa hili halina mto wa kudumu unaoingia. Maji yake mengi yanakuja chini kwa chini, ni mvua iliyonyesha kwenye miteremko ya Kilimanjaro ikapenya ardhini. Na kwa kuwa ni tundu lenye kina, limejikinga na kuta, na kule chini kabisa hakuna hewa ya kutosha kwa viumbe wa kuchimbuachimbua, tope linatua na kukaa vilevile lilivyotua. Kila mwaka unaacha utando wake: mweupe wa wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapokoroga maji na vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinazaana, vinakufa, vinazama, na mweusi wa msimu wa mvua. Mwaka 2016 wataalamu walikuja wakachoronga sakafu ya ziwa, wakatoa tope la urefu unaozidi mita 200, lililojikusanya kwa takriban miaka 250,000. Humo wanasoma lini Afrika Mashariki ilikuwa na ukame na lini ilikuwa na neema. Hebu fikirini, daftari la namna hiyo, na liko mwendo mfupi kutoka Himo tunakonunua mahindi.

Na watalii hawakuanza leo. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, May French-Sheldon, mwanamke, alikuja na msafara wake wa wapagazi kutoka pwani, wakimwita Bibi Bwana, akazunguka ziwa hili kwa boti. Yeye ndiye jina lililobaki vitabuni. Mimi pale kwenye kona ya changarawe, nimeshika mzizi kwa mikono miwili, niliwaza zaidi wale waliomteremshia boti.

Kasoro sasa, maana mapitio ya sifa tupu hayamsaidii mtu. Chini hakuna choo. Malizeni shughuli zenu juu. Hakuna mtumbwi wa kukodi uliokuwepo siku tuliyokwenda, ingawa nilishaahidi watu watapanda. Joto la adhuhuri ni kali: maji yako kwenye mwinuko wa mita 880 hivi, sawa na Moshi mjini, ila Moshi kuna kivuli cha maduka. Kupanda kurudi juu saa saba mchana kulitutoa jasho la kukamua, na waliobeba chupa ndogo za maji walianza kuangalia za wenzao. Lita moja na nusu kwa kila kichwa, msipunguze.

Na kuna watu. Tulipokuwa chini lilishuka kundi la vijana na spika kubwa ya kubeba begani. Lile shimo halina pa kupeleka sauti. Wimbo unagonga ukuta wa Kenya unarudi, unakutana na mwingine njiani, mpaka hujui unasikiliza nini. Ndege waliokuwa kwenye miti wakahamia ng'ambo. Kijana wetu aliwasogelea akaongea nao taratibu, wakapunguza kidogo, kisha wakapandisha alipogeuka. Walipoondoka waliacha makopo kwenye mawe, tukayaokota tukayapandisha sisi, akina mama wenye magoti. Nikimpata mama wa yule mwenye spika nina maneno naye.

Ndiyo maana katika kikao cha baada ya safari tulivutana. Mwenyekiti anasema pangejengwa ngazi za zege zenye vishikizo, kibanda cha vinywaji chini, vyoo, na mtu wa kukodisha mitumbwi, watu wangefurika, wanakijiji wangepata ajira, na yeye mwenyewe angeshuka. Ajira siibishii, na mwenye goti bovu namwelewa. Choo na pipa la taka kule juu, jengeni hata kesho. Lakini ngazi ya zege ikishuka mpaka majini, spika tano zitashuka nayo, na kreti za bia nyuma yake, na chupa zitakwenda wapi? Ziwa halina mto wa kuzitoa. Kinachodondoka pale kinabaki pale, kinajiunga na ule utando. Mwenyekiti akasema nazungumza kama mzungu. Nikamwambia mimi ni wa Pasua na nilipanda kwa miguu yangu.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya choo na makopo.

Saa mwafaka: tokeni Moshi kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mshuke kukiwa bado na ubaridi, muwe mmerudi juu kabla ya saa sita, mle chakula ukingoni. Miezi ya Juni mpaka Septemba kuna vumbi na upepo lakini njia ni kavu. Januari na Februari mlima unaonekana vizuri zaidi ila jua ni la kukaanga. Wanaotaka kulala, kambi ile ya juu ina pa kuweka mahema, pigeni simu mapema mjue bei na ada za siku hiyo.

Hesabu, kwa walioniuliza faragha: kila mmoja alichanga Sh25,000, ikatosha Noah, ada, kijana wa kutuongoza na kifuta jasho chake, mchele, kuku na soda. Nyongeza ya dereva tulipatana nusu ya alichodai. Kilichobaki kimerudi kwenye mfuko wa jamii, na risiti ninazo, isipokuwa ya lile paja.